Wino haukauki na kadi zinajikunja kama chapati, naombeni msaada wadau wa kadi za mkono

Sekela_wa_Uyole

Habarini wadau, na wakubwa wote humu shikamooni. Niko Uyole, Mbeya. Nina kama miezi minne hivi natengeneza kadi za mkono kwa mabaki, yani vipande vya karatasi, kalenda za zamani, vitenge vya kwa fundi cherehani na mihuri ninayochonga mwenyewe. Nilianza kama utani tu, binti wa mama mdogo alikuwa na send-off nikaona kadi ya dukani ina kizungu kirefu ambacho hata yeye hatakisoma, nikakaa usiku nikamtengenezea yangu, ukumbini watu wakawa wanaipitisha meza hadi meza nikajisemea kumbe.

Sasa nimejiingiza kwenye makubwa. Wazazi wa watoto wa kipaimara wameniagiza kadi 60 za hongera, advansi nimeshakula (nilijazia gesi, msinihukumu) na kila ninachogusa wiki hii kinaharibika. Kwanza wino. Natumia pedi ya muhuri ile ya ofisini ya bluu, nagonga njiwa wangu vizuri, nasubiri weee, kesho yake asubuhi nikipitisha kidole njiwa anaondoka na mkia. Nikadhani ni baridi, maana mwezi huu wa saba Uyole mnaijua wenyewe, nikaziweka karibu na jiko, karatasi zikajikunja kama chapati na wino bado mbichi. Alafu nikibandika vipande kwa gundi nyeupe ya maji kadi nzima inapinda. Nikikunja manila katikati mgongo unapasuka unatoa vinyweleo. Na muhuri wa kiazi ndo umenitoa machozi kabisa, nilichonga njiwa akatoka bata, tena bata aliyenyeshewa.

Aibu ya mwisho niiseme tu nipumue: nilinunua raba ya kufutia ile kubwa nikachonga neno HONGERA karibu masaa mawili, vidole vimekufa ganzi, kugonga mara ya kwanza ikasomeka kinyumenyume. Mwanangu wa darasa la pili akaniuliza mama hii ni lugha gani.

Nina wiki mbili. Kwa wazoefu naombeni.

Steshenari_Mwanjelwa

Dada Sekela pole. Kabla ya yote, hao njiwa unawagonga kwenye karatasi gani?

Sekela_wa_Uyole

Upande wa nyuma wa kalenda kaka, ule mweupe. Ni msafi na mgumu, niliona kuutupa ni dhambi.

Steshenari_Mwanjelwa

Hapo hapo ndo penye tatizo na baridi umeisingizia. Wino wa pedi ya ofisini umewekwa gliserini ili pedi isikauke hata ukiisahau wazi mezani, kwaiyo wenyewe hauna haraka ya kukauka kwa hewa, unachotegemea ni kunywewa na karatasi. Karatasi ya kalenda imepakwa kitu cha kuifanya ing'ae, haina pa kunywea, wino unakaa juu kama maji kwenye jani la mgomba. Hata ungeipeleka jangwani ingechelewa tu. Jaribu hivi leo: gonga njiwa mmoja kwenye kalenda na mwingine kwenye karatasi ya kawaida ya kopi, hesabu dakika mbili, pangusa yote kwa kidole. Utaniambia.

Kwaiyo kalenda usiitupe ila usiigonge muhuri. Kata picha zake, maua, milima, rangi za mbingu, hizo ndo vipande vyako vya kubandika. Njiwa mgonge kwenye karatasi isiyong'aa, mkate, mbandike juu. Faida yake ni kwamba ukikosea muhuri unatupa kipande kidogo kama stempu, hutupi kadi nzima. Watu wengi wanagonga moja kwa moja kwenye kadi iliyokwisha kunjwa na kupambwa alafu mkono ukiteleza wanalia.

Na mgongo unaopasuka: karatasi ina nyuzi kama mbao, zinalalia upande mmoja. Ukikunja kufuata nyuzi inakunjika laini, ukikunja kukata nyuzi ndo unaona vinyweleo. Kujua upande, chukua manila uipinde taratibu bila kuibana, kwanza kwa urefu alafu kwa upana, upande unaokubali kirahisi ndo wa kukunjia. Alafu usikunje kavukavu. Chukua bik iliyokwisha wino na rula, pitisha mstari kwa kubonyeza pale pa kukunjia, ndo ukunje, mfereji uwe kwa nje. Dukani kwangu hapa naona watu wananunua manila nzito wakidhani ndo ubora, wanaenda kuikunja kwa mikono mitupu kama barua ya mapenzi.

Vipimo pia usijisumbue. A4 moja ikate mara mbili, kila nusu ikunje katikati unapata kadi ya A6, yani milimita 105 kwa 148, inaingia kwenye bahasha ya C6 ambayo ni 114 kwa 162 bila kubanwa. Kadi 60 ni A4 30 tu. Ila angalia nyuzi kabla hujakata, maana ukiigeuza zinageuka nazo.

Mzee_wa_Mafinga

Mimi sipendi kukatisha watu tamaa lakini biashara ya kadi ilishakufa. Siku hizi hata mchango wa harusi unaletewa kwenye WhatsApp, kadi ina picha ya maharusi wanatabasamu na namba ya kutumia hela chini. Huyo mtoto wa kipaimara anataka bahasha, na kilichomo ndani ya bahasha. Kadi ataiweka chini ya godoro.

Binti_Kihesa

Mzee wangu shikamoo, ila hapo umempa dada wazo bila kujua 😂 Kama wanataka kilichomo basi aweke mfuko ndani ya kadi. Kipande cha kitenge au karatasi kibandikwe pande tatu kwa ndani, juu pabaki wazi, noti ya elfu kumi iliyokunjwa inachungulia. Mi huku Iringa ndo zinazotoka kuliko zote, mtoaji anaona haya kutoa bahasha tupu ya kaki, akipata kadi yenye mfuko amemaliza yote kwa mpigo mmoja.

Dada Sekela kamwene. Mi naongelea mabaki maana ndo ugonjwa wangu. Kosa nililofanya mwaka wa kwanza ni kubandika vipande kimoja kimoja kwenye kadi, kila kimoja na gundi yake, kadi inalowa inapinda. Sasa hivi natengeneza kwanza "shuka". Nachukua karatasi nyembamba ya kopi, nabandika juu yake vipande vyembamba vya kila aina, kalenda, bahasha za benki zile zenye michoro ya bluu kwa ndani, gazeti, karatasi ya mfuko wa saruji, vinalaliana kidogo kama vigae, mpaka inajaa. Naiweka chini ya madaftari mazito usiku kucha. Asubuhi ni shuka moja imenyooka, naikata maumbo ninayotaka, msalaba, moyo, jani, mishumaa. Shuka moja ya A4 inanitolea kadi kumi na kitu na hakuna mbili zinazofanana.

Mfuko wa saruji usiudharau. Ile ya kahawia ya ndani isiyo na maandishi, ipangusie vumbi nje ya nyumba (nje! usije ukaivuta kifuani), uifinyange kama unakamua nguo, uinyooshe kwa pasi isiyo moto sana, inakuwa na mikunjo kama ngozi kuukuu. Muhuri mweupe juu yake ni balaa. Na kama utapita Iringa mjini pitia Neema Crafts, ile karakana iliyoanza 2003 ambayo mafundi wake ni watu wenye ulemavu, kazi zao ikiwemo karatasi ya kinyesi cha tembo. Ndiyo, cha tembo. Ni nyuzinyuzi tu za majani aliyokula, zimeoshwa na kuchemshwa, hainuki. Mi nilipoishika mara ya kwanza ndo nikaacha kuona aibu kuokota vipande.

Kuhusu gundi: ile nyeupe ya maji sio mbaya, unapaka nyingi. Mimina kidogo kwenye kifuniko, paka kwa kipande cha kadi ngumu kama unapaka siagi ya kubania, ukiona unyevu unang'aa ujue umezidisha. Vitenge mi nabandikia uji mzito wa unga wa ngano, vijiko viwili kwenye kikombe cha maji, koroga motoni mpaka uwe unang'ang'ania mwiko, ukipoa unatumia. Haukai zaidi ya siku mbili tatu unachacha, na usiache mahali panya wanapita, nasema kwa uchungu.

Steshenari_Mwanjelwa

Niongezee hapo kwa Binti Kihesa. Kupinda kunatokea kwa sababu upande mmoja umelowa ukatanuka na mwingine mkavu, ukikauka ule uliolowa unavuta. Dawa nyingine ni kubandika karatasi nyeupe kwa ndani ya kadi, zinavutana pande zote mbili kadi inanyooka, na hiyo ya ndani ndo ya kuandikia ujumbe. Kadi za dukani za bei mbaya zina karatasi ya ndani, watu wanadhani ni urembo tu.

Mwl_Mstaafu_Njombe

Habari za jioni vijana. Nilifundisha sanaa shule za msingi miaka mingi, viazi nimevichonga vingi kuliko nilivyokula, na huku kwetu Njombe kula viazi sio kazi ndogo.

Binti, kiazi chako kina maji. Viazi vyetu vikikatwa vinatoa jasho lenye wanga, rangi ikikutana na jasho hilo inaogelea, ndiyo unapata bata. Kata kiazi kwa kisu kirefu, mara moja, usikate kwa kusogeza kisu mbele na nyuma kama msumeno, maana uso lazima uwe sawa kama kioo. Kisha kilaze uso chini juu ya kitambaa kikavu au gazeti robo saa. Ukiwa na haraka nyunyiza chumvi kidogo, ivute maji, pangusa. Ndipo uchonge. Na usichonge manyoya ya njiwa kwenye kiazi, kiazi ni cha maumbo manene: jani, nyota, ulimi wa moto, duara. Njiwa mpe raba.

Wala usichovye muhuri kwenye rangi. Kata sponji la godoro ukubwa wa kiganja, lipake rangi ya maji ile nzito ya mabango, kisha gusisha muhuri kwenye sponji kwa vipigo vidogo vidogo. Rangi ikae kwenye uso tu, isiingie mabondeni. Gonga mara ya kwanza kwenye gazeti, ya pili kwenye kadi. Chini ya kadi weka daftari au kitambaa kilichokunjwa, ukigonga juu ya meza ngumu katikati ya muhuri panabaki peupe. Bonyeza wima, hesabu mpaka tatu, nyanyua wima. Wanafunzi wangu walikuwa wanaviringisha mkono kama wanapiga muhuri wa mahakama, hapo ndipo kingo zinapochafuka.

Sasa hilo la HONGERA nimecheka lakini kila mtu limemkuta. Andika neno lako kwa penseli laini, yenye B, kwenye karatasi nyembamba, kawaida tu kama unavyosoma. Geuza karatasi uso chini juu ya raba, shikilia isiteleze, sugua mgongo wake kwa kijiko. Ukinyanyua utakuta penseli imehamia kwenye raba ikiwa imejigeuza yenyewe. Chonga kinachoonekana, acha mistari, ondoa pembeni. Wembe ushike umeinama kwa nje, ukuta wa herufi uwe kama mlima Loleza, mpana chini mwembamba juu. Ukichimba kwa ndani chini ya herufi, baada ya kugonga mara ishirini herufi inalala inavunjika. N na R ndizo zitakazokusaliti, O na H hazijali ukizigeuza.

Na kwako Mzee wa Mafinga. Kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa ilichapwa London mwaka 1843. Bwana Henry Cole alikuwa amezidiwa na barua za kujibu, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja, zikachapwa kama 1,000, zilizozidi zikauzwa kwa shilingi moja moja. Kwa hiyo kadi yenyewe ilizaliwa na mtu aliyekuwa anakwepa kuandika barua. WhatsApp ni mjukuu wake tu. Ukiona mtu anakaa kuchonga raba masaa mawili, huyo anarudi kule Cole alikokimbia.

Mzee_wa_Mafinga

Mwalimu umenipiga na fimbo ya 1843 🙌 Haya basi. Mjukuu wangu naye ana kipaimara mwezi wa kumi, hizo zenye mfuko ni bei gani?

Mvua_ya_Tukuyu

Jamani mi nina swali langu hapo hapo nisifungue mada mpya. Dada yangu kaniletea ule unga wa kumwaga juu ya wino ukiyeyuka unavimba unang'aa kama dhahabu. Nimejaribu kwa mashine ya kukaushia nywele ya saluni, unga wote ukapeperuka ukaingia kwenye macho ya mteja. Huku Tukuyu mvua haikatiki nikasema labda ni unyevu.

Binti_Kihesa

Sio unyevu, mashine ya nywele inapuliza sana alafu joto lake ni dogo, unga unahitaji joto kali lenye upepo mdogo. Geuza pasi ya umeme iangalie juu (usigeuze ya mkaa tafadhali, utaunguza nyumba), ishikilize vizuri, kadi ipitishe juu yake bila kugusa, upande wa unga uwe juu, joto lipande kwa chini. Angalia kwa jicho, utaona unga unabadilika ghafla kutoka mchanga kuwa maji yanayong'aa, hapo hapo toa. Na pedi ile ile mbaya ya Sekela isiyokauka ndo inafaa hapa, maana unga unashika kwenye wino mbichi. Ukishamwaga pigapiga karatasi kwa nyuma unga wa ziada urudi kwenye kopo, kwa brashi kavu ondoa ule uliong'ang'ania pembeni.

Kwa asiye na unga: kata njiwa kwenye manila, mbandike kwenye kioo cha dirisha mchana, weka kadi juu yake, sugua pembeni mwa njiwa kwa mgongo wa kalamu. Anavimba bila wino wala umeme.

Mvua_ya_Tukuyu

Ndaga fijo dada! Pasi imekubali. Kadi moja nimeiunguza ikawa ya kahawia, nimeiita ya kale.

Sekela_wa_Uyole

Wadau nimerudi, samahani kwa ukimya, umeme na watoto.

Kaka wa Mwanjelwa, jaribio lako la dakika mbili nililifanya mbele ya mume wangu aliyekuwa ananiambia ninunue hita. Kwenye kopi njiwa kabaki, kwenye kalenda kafutika wote, mume kaenda kulala bila neno. Manila nilikuwa nakunja kukata nyuzi, zote. Nimegeuza, nimepitisha bik, mgongo umetulia kama wa daftari jipya.

Nimetengeneza shuka tatu kama za Binti Kihesa, moja nimeweka kitenge cha fundi wa jirani chenye rangi ya moto, nikakata ndimi za moto saba kwa kila kadi maana mapaji ya Roho Mtakatifu ni saba, katikati njiwa wa raba. Ndimi 420 jamani. Mkasi umenitoa malengelenge, kuanzia kadi ya 20 nikaanza kutumia kiazi kugonga ndimi badala ya kukata, na ndo nzuri zaidi, Mwalimu alijua. Chumvi inafanya kazi. Ila viazi vyangu viwili vilivyochongwa niliviacha mezani, dada wa kazi akavitia kwenye mchuzi, tumekula jioni ndimi za moto.

Mpaka sasa ninazo 46, zilizobaki nasubiri bahasha. Zenye mfuko nimetoza 2,500 zisizo na mfuko 2,000, wazazi karibu wote wamehamia kwenye mfuko. Mzee wa Mafinga yako ntakuandalia kwa bei ya utani, nitumie jina la mjukuu nilichonge.

Ile raba ya HONGERA ya kinyume sikuitupa. Nimempa mwanangu, anagonga kwenye madaftari ya rafiki zake, wanasema ni lugha yao ya siri.

Mwl_Mstaafu_Njombe

Mwambie asigonge kwenye karatasi ya mtihani.